Kausha Kwanza, Ndipo Upande

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu Chura,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini kwa kuwa hata ungeniamkia nisingesikia, nimeona niitikie mapema tusipotezeane muda.

Hapa nyumbani tupo. Jirani yetu Mama Mapacha anakusalimu, na mapacha wake pia, wale waliokuwa wakigombania mapezi yako ya kuogelea pale bwawani. Siku hizi wana ndevu na wananipita njiani kama nguzo ya umeme. Bwawa la shule limefunguliwa baada ya likizo. Pampu bado inakohoa. Nimeibadilishia mpira, nikaipiga kofi moja, ikakubali kufanya kazi. Mwalimu mkuu anasema mimi na ile pampu tutastaafu siku moja.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Juzi nilipika cha watu wawili, nikala kiporo mpaka kikanikinaisha. Siyo neno, mkono utazoea.

Sasa, jambo lenyewe. Uliondoka kwa papara, hukuniacha nikague begi. Tangu hapo usingizi haunikai. Najua kampuni yenu inawarusha kwa ndege kutoka kazi moja hadi nyingine, kwa hiyo utafunga na kufungua begi hilo mara nyingi kuliko utakavyofungua kinywa. Basi nisikilize.

Mtungi wa hewa na mkanda wa vipande vya risasi vya kukuzamisha watakupa wao huko huko. Usibebe. Regulata isiingie kwenye begi kubwa hata siku moja. Hicho ndicho kitu kinachokupa pumzi chini ya maji, utamwachiaje mtu anayerusha mizigo kama magunia? Iende nawe ndani ya ndege, mapajani, kama mtoto mchanga. Mipira yake izungushe duara pana, usiikunje, maana ikishapata kovu la kukunjwa, siku moja itapasukia hapo. Miwani iweke kwenye kikasha kigumu. Mapezi yasimamishe kwenye kingo za begi yawe ukuta, halafu suti ya mpira iwe godoro, na vingine vyote vilale katikati. Tochi itoe betri. Kisu weka begi kubwa, la sivyo watakunyang'anya na kukuangalia vibaya juu yake. Na usibandike picha ya mzamiaji juu ya begi kama vijana wanavyofanya. Begi likiwa baya wezi wanalionea huruma.

Kikubwa kuliko vyote, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi wala tope, kausha, ndipo upande ndege. Kausha kwanza.

Na usiniletee ujumbe wa simu. Zile herufi ni za kusomwa na sisimizi. Mwandiko wako naujua, nikiuona najua kama umekula.

Mjomba wako

*

Tarehe 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo, ingawa umeshaitikia.

Barua yako imenikuta baada ya kuzunguka ofisi tatu za kampuni. Mimi ni mzima wa afya. Msalimie Mama Mapacha, na wale mabwana wenye ndevu uwaambie mapezi yangu bado wanayadai, nami bado siyatoi.

Kazi imeanza. Tunakagua nguzo za daraja. Maji ni ya kahawia, ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako, kwa hiyo unakagua kwa kupapasa: hapa zege zima, hapa limemong'onyoka, hapa kuna kitu laini na hutaki kujua ni nini. Tuko wazamiaji wanne. Wenzangu watatu wanatoka mji mmoja na wanaongea lugha yao. Siyo watu wabaya. Nikiingia chumbani wanahamia kwenye lugha yangu, wananiuliza kama nimelala vizuri, nawajibu, halafu wanarudi kwenye lugha yao.

Chumba nilichopangiwa kiko juu ya duka la matairi. Kizuri. Kina madirisha mawili.

Kuhusu begi, usigombe. Mengi nilikuwa nimeyafanya kama ulivyonifundisha. Kwenye ukaguzi yule afisa aliiona regulata kwenye kioo chake akasimamisha foleni nzima.

"Hiki ni nini? Cha hospitali?"

"Ni cha kupumulia, afande."

"Unaumwa?"

"Hapana, ni cha kupumulia majini."

Aliigeuza, akaichungulia mdomoni, akaniuliza kwa nini nisibaki tu nchi kavu ambako hewa ni ya bure. Foleni yote ikacheka. Nami nilicheka. Mjomba, nilifurahi sana kuongea na yule mtu.

Sasa nina swali. Kabla hatujaingia majini, daktari wa kampuni alitupa somo. Ni mama mmoja mtaratibu, anaongea kama anayembembeleza mtoto. Alisema mzamiaji akiwa chini, mwili wake unafyonza hewa ileile anayoivuta, na akipanda juu mapema mno, ile hewa inatoka damuni kwa povu, kama soda uliyoitikisa ukaifungua. Akasema kupanda ndege ni kupanda juu vilevile, ndiyo maana ukitoka kuzamia unasubiri mpaka siku ya pili yake, hata zaidi kama ulikwenda kina kirefu, ndipo uguse ndege. Wasiosubiri, wengine viungo huwauma, wengine hupooza. Na wachache, povu linaingia sikio la ndani. Wanakuwa viziwi siku hiyohiyo, na wanatembea wakiyumba maisha yao yote.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nakuona wewe unatoka jikoni na kikombe cha chai, mkono mmoja ukutani.

Uliniambia ni maji yaliyokuingia masikioni ujanani. Ni maji kweli?

Wako,
Chura

*

Tarehe 27 Machi

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima na chumba kina madirisha mawili.

Huku mvua imeanza, bwawa limejaa majani, natoa ndoo kwa ndoo. Mama Mapacha amepata miwani mpya ya kusomea na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye mfuko wa sabuni. Ananionea huruma kwamba sisikii. Kwa hilo mimi nashukuru.

Asante kwa swali lako kuhusu zipu. Zipu ya suti ni kitu kinachodharauliwa. Baada ya kuisuuza, piga mswaki meno yake kwa mswaki wa zamani, kisha ipake nta ya mshumaa, usipake mafuta, maana mafuta yanakula mpira. Ukiifunga begini, iache wazi nusu. Suti nayo usiikunje mara nne kama shati. Izungushe kama mkeka. Ikikaa na kunyanzi miezi miwili, maji baridi yatakuingia palepale penye kunyanzi mpaka ukome.

Vesti ya kuelea, mwaga maji yote ya ndani, geuza juu chini, tikisa, mwaga tena. Halafu ipulizie pumzi kidogo tu, kuta zake za ndani zisigandane. Usiijaze. Vitu vilivyojaa havipandi ndege vizuri.

Kula vizuri. Mwandiko wako umekonda.

Mjomba wako

*

Tarehe 6 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mvua imekuacha upumzike na majani yamekwisha.

Sikuuliza kuhusu zipu.

Lakini kwa kuwa umelifungua somo, nami nikiri mwanafunzi nilifeli. Kazi ya darajani ilipoisha tulipewa asubuhi moja tu ya kufungasha. Vitu vilikuwa vibichi, nikavishindilia hivyohivyo, na shirika la ndege likalisahau begi langu huko lilikosahaulika. Lilipofika, nilifungua zipu nikakimbilia dirishani. Harufu, mjomba! Kama kitu kimefia ndani na hakina ndugu wa kukizika. Suti imeota ukungu wa kijani, na miwani, ambayo nilikuwa nimeitoa kwenye kikasha ili nipate nafasi ya sweta, imepasuka kioo. Regulata ni nzima. Hiyo nilikuwa nayo mapajani.

Safari hii tuko kwenye bwawa kubwa linalolisha mji maji, tunasafisha nyavu za chuma kwenye midomo ya mabomba. Nimekodishiwa chumba kwenye nyumba ya wageni. Jumapili nzima niliimaliza kuviosha vile vitu kwenye beseni la bafuni, nikaitundika suti dirishani kwa henga ikauke. Mwenye nyumba akapita uani, akaangalia juu, akaona mtu mweusi asiye na kichwa ananing'inia. Kelele alizopiga ungesikia hata wewe. Alipanda ngazi na fagio mkononi, akagonga mlango kama anauvunja. Nilipomfungulia na kumweleza, alikaa kitandani kwangu akacheka mpaka akafuta machozi, akaniambia nusura afe.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kugonga mlango wangu tangu nifike. Baada ya kuondoka kwake niliiacha suti pale pale dirishani siku mbili, ingawa ilikuwa imeshakauka.

Haya. Habari njema ni kwamba nimepewa likizo fupi mwezi ujao, nakuja nyumbani! Kazi ya mwisho ni Ijumaa ya tarehe 14 asubuhi, na ndege inaondoka jioni ileile. Najua utasema nini. Daktari angekataza, lakini daktari yuko makao makuu, na msimamizi wetu anafumba macho. Wenzangu wamefanya hivyo mara nyingi, wanasema mbizi fupi haina neno. Ndege nyingine hakuna mpaka Jumanne, na Jumatano natakiwa kazini. Nikikosa hiyo, sikuoni mpaka mwisho wa mwaka.

Safari hii nitavikausha. Weka cha watu wawili jikoni.

Chura wako

*

Tarehe 18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nafikiri nawe ni mzima, maana mapafu yako nimeyasikia.

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa vizuri lakini kalamu nimeishika.

Nilikuwa kwenye foleni. Begi limeshapimwa, limebandikwa karatasi, linaondoka kwenye ule mkanda wao. Simu ikaita, namba ya Mama Mapacha. Nikajua kuna msiba. Nikasema haloo. Halafu sauti yako. Mjomba, wewe hujawahi kushika simu tangu nipate akili. Ulipiga kelele mpaka watu wa mbele yangu wakageuka.

"Chura! Usijibu, sisikii! Barua yako nimeipata leo! Usipande! Unanisikia? Usipande hiyo ndege!"

Nikasema mjomba, ilikuwa mbizi fupi, nimeshapumzika mchana kutwa. Nilikuwa nakujibu kama mjinga, najua husikii, lakini ningefanyaje? Nyuma yako nikamsikia Mama Mapacha anasema, "Anaongea, baba, anaongea, subiri." Nawe hukusubiri.

"Kama umepanda, shuka! Nakuomba kwa jina la mama yako!"

Halafu ukalia. Sijui kama ulijua kwamba simu ilikuwa bado wazi.

Katika maisha yangu yote hujawahi kumtaja mama mbele yangu. Picha yake iko sebuleni, unaipangusa vumbi, lakini jina lake halijawahi kutoka mdomoni mwako. Nilitoka kwenye foleni. Niliwaomba wanirudishie begi, wakanigombeza, wakaenda kulitafuta. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akapewa kiti changu, akanishukuru.

Likizo yangu nimeimalizia humu chumbani, natazamana na begi lililofungwa. Vitu vikavu kabisa, mjomba. Ungeona ungefurahi.

Sasa nimekutii bila kuuliza. Zamu yako. Usiniandikie habari za vesti, wala mapezi, wala pampu. Niambie ulipanda ndege ipi, lini, na kwa nini.

Chura

*

Tarehe 11 Julai

Mpwa wangu mpenzi,

Hapa ni wazima. Salamu nyingine zitasubiri.

Barua hii nimeianza mara kadhaa. Ya kwanza ilikuwa ukurasa mzima wa namna ya kufunga kisu kwenye soksi. Nimeichana.

Nilikuwa kazini mbali, tunajenga ukuta wa gati. Asubuhi ile nilishuka mara mbili, kina kirefu, na mara ya pili nilikaa sana maana kulikuwa na nati iliyogoma. Nilipotoa kichwa majini, msimamizi alikuwa amesimama kwenye ngazi na karatasi mkononi. Ilisema dada yako hali mbaya, njoo haraka. Hakuwa na mwingine duniani wa tumbo moja zaidi yangu. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake. Ndege ilikuwa moja, mchana ule. Ya kufuata ni baada ya wiki.

Tulikuwa na mwenzetu tukimwita Fundi Bomba, mtu mzima, amezamia kabla sisi hatujazaliwa. Alinishika mkono wa suti.

"Hujakauka wewe," akaniambia.

Hakuwa akisema kuhusu nguo.

Nikamjibu, "Nitakauka njiani."

Vifaa nikavitupa pale pale kwenye ngazi, vibichi, vina chumvi. Alikuja kunitumia baadaye kwenye sanduku, vimeliwa na kutu nusu yake. Nilichoweza kukiokoa ndicho ulichonacho.

Ndege ilipokwenda juu nilisikia kama msumari unaingia sikioni, halafu la pili. Kukapigwa kengele, ndefu, halafu mtu akafunga mlango. Ndivyo ilivyokuwa, Chura. Mtu alifunga mlango na hajawahi kuufungua tena. Dunia ikaanza kuzunguka. Nilitapika mpaka tukatua. Kusimama nilishindwa, mpagazi mmoja wa uwanjani akanipakia kwenye toroli la mizigo, juu ya masanduku ya watu, akanisukuma hadi nje. Alikuwa ananiongelesha njia nzima. Naona mdomo unakwenda, sauti hamna.

Nilifika nyumbani jioni, natembea nimeshika kuta. Mama yako alikuwa kitandani amekwisha, amebaki macho. Wewe ulikuwa umejikunja miguuni kwake umelala. Aliponiona uso ukafunguka. Akaanza kuongea.

Hakuongea sana. Nilimtazama midomo. Nilijaribu, Wallahi nilijaribu, lakini ilikuwa siku yangu ya kwanza ya uziwi, nilikuwa sijajifunza kusoma mdomo wa mtu. Ningemwambiaje kwamba sisikii? Mtu anakufa, wewe unampelekea ugonjwa wako? Kwa hiyo nilitikisa kichwa kukubali. Akasema neno jingine, nikatikisa tena. Akacheka. Kisha akafumba macho, nami nikakaa pale kwenye kiti. Hakuiona asubuhi.

Bibi yako mdogo, shangazi yake mama yako, alikuwa amesimama mlangoni. Hakusikia maneno, lakini aliona ninavyokubali. Baada ya mazishi watu walipokaa kuamua mtoto aende wapi, yeye akasimama akaonyesha kidole kwangu. Niliandikiwa kwenye karatasi kilichosemwa: marehemu amemkabidhi kaka yake mtoto, mimi nimeona kwa macho yangu akikubali. Watu wote wakanigeukia. Mimi nikainamisha kichwa tu. Huenda ndicho alichosema.

Na huenda sicho. Hilo ndilo limenikalisha kimya. Kulikuwa na shangazi yako upande wa baba, mwenye nyumba nzuri na watoto wa rika lako. Labda alisema mpeleke huko. Labda alisema asikae karibu na maji, kama kazi yangu ilivyokuwa ikimtisha. Nami nikakufundisha kuogelea kwenye bwawa la shule, nikakupa regulata yangu, nikakufanya mzamiaji. Kila ulipokwenda chini ya maji nilikuwa najiuliza kama ndilo nililomkubalia nisilifanye. Nilikubali kitu nisichokijua, Chura, kwa hiyo ikabidi nitende kila nilichodhani, na sijui ni kipi nimetimiza na kipi nimekivunja.

Watu walipouliza kwa nini sikuoa, nikasema nani ataolewa na kiziwi anayeyumba. Wakacheka, wakaacha kuuliza.

Sasa unajua ni kwa nini tunaandikiana barua badala ya kuongea kama watu wengine. Sikupi lawama kwa hasira zako. Likizo itakuja nyingine. Masikio hayaji mengine.

Mjomba wako

*

Tarehe 5 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Mimi ni mzima. Barua yako niliisomea kwenye ngazi ya nyumba ya wageni, sikufika hata chumbani. Mwenye nyumba alipita akaniona, akaketi kando yangu, akaendelea kumenya viazi vyake. Nilipomaliza kusoma nilianza upya.

Nimeomba likizo Desemba. Kabla ya hapo sitagusa maji wiki nzima. Nimemwambia msimamizi, akanung'unika, nikamwambia anung'unike tu. Nitakuja mkavu.

Lakini kuna jambo haliwezi kungoja Desemba.

Sikuwa nimelala.

Nilikuwa nimefumba macho kwa sababu bibi mdogo alikuwa amekwisha kunifukuza chumbani mara mbili, na nilijua akidhani nimelala ataniacha. Nilikuona ukiingia. Niliona ulivyoshika kitasa, halafu kabati, halafu kiti. Nilidhani umelewa. Nilikusikia ukihema. Na mama alipoongea nilisikia kila neno, maana miguu yake ilikuwa kifuani kwangu na sauti yake ilikuwa inapitia mwilini.

Hakukukabidhi mtu, mjomba. Hakuzungumza habari zangu kabisa, wala za shangazi, wala za maji. Hakujua kwamba anakwenda. Alisema hivi: "Nywele zako zinanuka mpira. Nenda kaoge, ukalale. Tutaongea asubuhi."

Ukatikisa kichwa. Hukuondoka.

Akasema tena, "Nenda kaoge, nimekwambia." Ukatikisa kichwa tena, na hukuondoka, ulikaa tu pale unamkodolea macho. Ndipo akacheka. Akasema, "Mbishi huyu, hajabadilika." Halafu akalala, bado anatabasamu. Miguu yake ilikuwa na joto.

Hayo ndiyo yote. Nimekaa nayo miaka hii sikuyataja, kwa sababu nilidhani usiku ule ulikuwa bado unasikia, na kwamba tunayajua wote wawili. Nilidhani ndiyo maana humtaji mama, kwamba inakuuma hukumtii ukaenda kuoga. Nilikuwa mtoto, nikaona hilo ni kosa kubwa, nikakufichia.

Kwa hiyo ule mkutano wa baada ya mazishi haukuwa na agizo lolote nyuma yake. Kulikuwa na watu waliochoka, na bibi kizee aliyekuwa na uhakika, na kijana mmoja asiyesikia wala kuweza kusimama wima, aliyekuwa na kila sababu ya kusema hapana.

Nimeyasoma maneno ya mama kwa sauti hapa chumbani kabla ya kuyaandika, nione kama bado yanatoka kama alivyoyasema. Yanatoka. Desemba nitayasema mbele yako polepole, uyaone mdomoni.

Mpwa wako, uliyemchukua mwenyewe bila kuagizwa na mtu,

Chura